Choronge ikatwe, isichaguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu, hili likiwamo, huligusa mara kwa mara bila kulitazama usoni: namna sampuli inavyochukuliwa kabla dhahabu haijapimwa. Haupiti mwezi bila kusoma kwamba kampuni fulani ya utafutaji imekuta gramu 20 za dhahabu kwa kila tani ya mwamba, au kwamba kikundi fulani cha wachimbaji wadogo kimepata majibu mazuri maabara, na habari huishia hapo, kana kwamba namba hiyo ilitoka ardhini ikiwa imeshaandikwa. Kuna mtu aliyelishika jiwe, akalitia mfukoni, akafunga mfuko na kuuandika namba. Mimi nimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 katika ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, kwanza kama kijana wa sampuli na baadaye kama mjiolojia, na makosa makubwa niliyoyaona hayakufanyika maabara. Yalifanyika chini ya turubai, kabla gari la kupeleka mifuko mjini halijawashwa.

Kinachonisukuma kuandika wakati huu ni habari njema. Katika miaka ya karibuni Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limeleta mitambo ya kuchoronga miamba kwa ajili ya wachimbaji wadogo, watu ambao tangu enzi za babu zao walitafuta mwamba kwa sururu, moko na ndoto za usiku. Mtambo huo hauchimbi duara, yaani shimo la kuingia mtu. Hutoboa kwa bomba lenye meno ya almasi na kutoa kipande cha mwamba kirefu kama mche wa sabuni, ila cha mviringo, ambacho wataalamu wetu hukiita choronge. Choronge hupangwa kwa mfuatano ndani ya masanduku yenye mifereji, kila mita ikiwa na alama yake, na mwenye macho ya kazi huisoma kuanzia juu hadi chini kama anavyosoma ukurasa. Kwa hiyo leo kijana wa Nyarugusu au Mgusu anaweza kushika mkononi mwamba uliolala mita 80 chini ya miguu yake. Nimefurahi, na nasema hivyo bila kinyongo. Wasiwasi wangu ni juu ya kinachofanyika sanduku likishafika juani.

Mwaka juzi nilialikwa na kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, nikawasaidie kusoma choronge zao. Masanduku yalikuwa yamepangwa chini ya mwembe. Mwenyekiti wa kikundi, mzee wa umri wa baba yangu, alikuwa amechuchumaa na nyundo mkononi na chupa ya maji kando yake. Anaumwagia mwamba maji, anaugeuza juani, na kila anapoona kinachometa anagonga, anatoa kipande cha ukubwa wa kidole gumba na kukitia kwenye mfuko wa sukari. Nilimwamkia, nikaketi, nikasubiri apumzike, kisha nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona unachukua hivi vinavyong'aa tu?" Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "wewe ukienda kuposa, huvaa kanzu iliyochanika?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, na nakiri kwamba nilicheka pamoja na wengine. Lakini maabara si ukweni. Mfuko ule ulirudi na gramu 61 kwa tani. Kikundi kikakopa fedha za karasha jipya, yaani mashine ya kusaga mawe, na pampu kwa kuitegemea namba hiyo, na mbale, yale mawe yenye dhahabu, ilipoanza kusagwa haikutoa hata sehemu ya kumi yake. Wapo waliosema maabara imewaibia, na wapo waliosema dhahabu imehama kwa sababu kuna mtu aliyevunja miiko ya duara. Maabara haikukosea. Vipande vile vilikuwa kweli na gramu 61, ila havikuwa mwamba wao. Vilikuwa mboni ya jicho la mwamba wao, na hakuna karasha linaloweza kusaga mboni likaacha mwili.

Wasomaji waliokulia kwenye biashara ya nafaka wataelewa haraka kuliko wengine, kwa sababu wanaijua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutobolea gunia na kutoa nafaka ya ndani. Mnunuzi mzoefu wa mchele hachoti konzi ya juu ya gunia. Huidunga bambo ubavuni, kisha chini, kisha upande wa pili, kwa kuwa anajua aliyejaza gunia alianza na chenga akamalizia na mchele wa kuonyesha. Choronge ni bambo iliyodungwa ardhini. Ni ajabu, basi, kutumia fedha nyingi kudunga bambo hadi mita 80, halafu kile kilichotoka ndani yake kukipepeta na kupeleka kwa mkemia punje nzuri peke yake.

Katika kuchukua sampuli kuna makosa ya namna mbili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni la bahati tu: leo unapata pungufu, kesho ziada, na ukipima mara nyingi ziada na pungufu hufutana. La pili ni upendeleo, ambao huvuta upande mmoja kila siku, kama mizani ya duka iliyochezewa. Ukipima mara mia kwenye mizani hiyo utapunjwa mara mia, na kwa kuwa vipimo vyako vyote vinakubaliana utazidi kuamini kwamba uko sawa. Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema, "Tulipeleka sampuli nyingi sana, haiwezekani zote ziwe na kosa," mimi huuliza kwanza zilichukuliwaje. Mfaransa Pierre Gy, aliyeanza kulikabili tatizo hili mwishoni mwa miaka ya 1940 akiwa kwenye mgodi wa risasi wa M'Fouati, katika Kongo iliyokuwa ya Ufaransa, aliandika hesabu zake kwa maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 2015, na mzizi wa hesabu hizo mtu yeyote anaweza kuushika: kila punje iliyomo kwenye mzigo iwe na nafasi iliyo sawa na ya mwenzake ya kuingia kwenye mfuko. Nyundo ya mzee wangu iliwapa nafasi wachache na kuwafungia mlango wengine wote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini dhahabu ndiyo yenye taabu hii kuliko chuma au chokaa. Ni kwa sababu ya uchache wake na uzito wake. Gramu 3 kwa tani, ambazo ni kiwango cha kupendeza katika machimbo mengi ya wazi, ni sehemu 3 katika milioni. Choronge ya ukubwa unaoitwa NQ ina kipenyo cha milimita 47.6; mita moja yake ina uzito wa karibu kilo 4.8, nusu yake ni kilo 2.4, na katika hizo maabara hutia tanurini gramu 30, au pengine 50. Sasa chukua punje moja ya dhahabu yenye kipenyo cha milimita 1, yaani kama jicho la dagaa. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, hivyo punje hiyo ina miligramu 10. Ikiwa ndiyo dhahabu pekee iliyomo ndani ya zile kilo 2.4, mwamba huo una gramu 4 na kidogo kwa tani, na hicho ni kiwango cha kujivunia. Lakini zigawe kilo hizo katika vipakiti 80 vya gramu 30 kila kimoja huku punje ikiwa bado nzima: vipakiti 79 vitasema hakuna kitu, na kimoja kitasema gramu zaidi ya 330 kwa tani. Katika vipakiti 80 hakuna hata kimoja kilichosema kweli, na mkemia hakufanya kosa lolote.

Dawa yake ni kusaga kwanza ndipo kugawa, na kusaga mzigo mzima, si sehemu yake. Hata hivyo dhahabu ni laini. Kinuni haivunjiki kama kwatzi, lile jiwe gumu jeupe, hubapa kama donge la chapati, na baadhi ya punje hubaki kubwa hata unga wote ukiwa mwororo. Pale ambapo dhahabu ya macho, yaani inayoonekana bila kifaa, imeonekana, ni busara kuiomba maabara ichekeche kiasi cha kilo 1 ya unga kwenye chekeche laini sana, ipime peke yake yote iliyokataa kupita, ipime pia ile iliyopita, kisha ijumlishe kwa uzito. Gharama yake iko juu kuliko kipimo cha kawaida, na kwa hiyo watu huikwepa hasa mahali inapohitajika.

Sitaki mzee wa watu aonekane mkosaji peke yake. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika kampuni moja ya utafutaji, nilipewa msumeno wa almasi wa kukatia choronge kwa urefu, nusu iende kwenye mfuko wa kitambaa na nusu ibaki sandukuni. Hakuna aliyeniambia nusu ipi. Maji ya msumeno yakishauosha uso wa mwamba, dhahabu ya macho huonekana mara moja, na mkono wangu ulikuwa ukiipeleka mfukoni ile nusu yenye chembe bila mimi kuketi na kuamua. Nilidhani ninaisaidia kampuni. Baada ya miezi kadhaa msimamizi wangu, mjiolojia mmoja mama, mkali wa kazi lakini mwenye utani mwingi, alizichukua nusu zilizobaki za mita kama 40 akazipeleka maabara, na majibu yakarudi pungufu karibu kwa theluthi moja. Akaniwekea karatasi mbili mezani. "Mdogo wangu," akasema, "hapa pana mwizi, na simwoni." Tukaenda pamoja kwenye msumeno, akaniambia nikate kama kawaida, naye akawa anatazama mikono yangu badala ya mwamba. Kwenye kipande cha tatu akanyoosha kidole. Sikuwa hata nimetambua kwamba nimezigeuza nusu.

Kuanzia siku ile mstari ulichorwa kwa kalamu ya nta kabla choronge haijafika kwangu, ukapitishwa mahali ambapo ungeugawa mshipa sawasawa pande zote mbili, na sheria ikawa moja: nusu iliyo kulia kwa mtu anayetazama chini ya shimo ndiyo iende mfukoni, hata kama ya kushoto imebeba mkufu wa bibi harusi. Baadaye, kwenye kampuni nyingine, nilikuta ugonjwa wa kinyume. Wageni na wenye mtaji walikuwa wakija kila mara, na vijana walijifunza kubakiza sandukuni nusu zenye chembe ili ziwapendeze wageni, wakapeleka maabara zile zilizofifia. Mradi ukaonekana maskini kuliko ulivyokuwa. Upendeleo, kwa hiyo, si lazima uongeze. Huenda mahali ambapo mkono umezoea kwenda.

Upo pia upendeleo ambao haumhitaji binadamu mwenye nyundo wala msumeno, nao huufanya mtambo wenyewe. Mahali pengi katika ukanda wetu dhahabu imo kwenye mwamba uliosagika, laini, wenye udongo na kutu, na hapo maji ya kuchorongea huubeba ule ulaini na kuacha mifupa ya kwatzi. Mita moja imechorongwa, lakini kwenye sanduku umerudi urefu wa sentimita 55. Je, dhahabu ilikuwa kwenye zilizorudi au kwenye zilizokwenda na tope? Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kujibu swali hilo, na ndiyo maana kiasi kilichorudi lazima kipimwe kwa rula na kuandikwa kwa kila mita, kabla mtu hajafikiria dhahabu. Wachorongaji wengi hulipwa kwa mita, na anayelipwa kwa mita hukimbia. Mwenye mradi akiwa na akili humlipa vizuri zaidi kwa kwenda polepole pale kwenye ulaini, kwa maji machache na bomba la ndani linaloishika choronge isisambaratike. Na ulaini huo ukishafika juu usikatwe kwa msumeno wa maji, kwa maana maji yatamalizia kazi ambayo mtambo uliianza. Kisu cha jikoni kinatosha.

Kisha kuna macho ya mjiolojia, yaani macho yangu. Tumefundishwa kupenda kwatzi nyeupe, na kule Bulyanhulu, ambako dhahabu imo kwenye mishipa myembamba ya kwatzi, mapenzi hayo yana sababu. Lakini Geita sehemu kubwa ya dhahabu imo kwenye mwamba wa chuma wenye mistari na pairaiti, madini ya chuma na salfa, iliyouingia, na mtu anayeruka sehemu isiyo na kwatzi ili apunguze gharama za maabara anaweza kuiacha sandukuni dhahabu yote akapeleka uzuri mtupu. Kanuni ninayoifuata ni kuanza kuchukua sampuli mita kadhaa kabla ya kile ninachokiona kizuri na kuendelea mita kadhaa baada yake, bila kuruka, na kuikata sampuli pale mwamba unapobadilika badala ya kuchanganya miamba miwili katika mfuko mmoja. Hapo ndipo hesabu nayo inapoweza kudanganya. Mshipa wa sentimita 30 umetoa gramu 40, na sentimita 70 za ubavuni zimetoa gramu 0.2. Wapo wanaojumlisha na kugawa kwa mbili, wakapata gramu 20 na ushei, wakazitangaza. Ukipima kila sampuli kwa urefu wake, mita hiyo nzima ina gramu 12 tu, na hizo ndizo karasha litakazokutana nazo.

Huwezi kuzungumzia choronge za dhahabu bila kuitaja Bre-X. Kampuni hiyo ndogo ya Calgary, Kanada, ilidai kuwa imekuta hazina kubwa mno huko Busang, Kalimantan ya Mashariki nchini Indonesia, na hisa zake zikapanda hadi kampuni ikathaminiwa kuwa na dola za Kanada bilioni 6 hivi. Kampuni kubwa ya Freeport-McMoRan ilipochoronga mashimo yake pembeni ya yale ya awali haikukuta kitu cha maana, na mwezi Mei 1997 wakaguzi huru wa kampuni ya Strathcona wakathibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Punje nyingi zilikuwa na mviringo wa dhahabu ya mtoni, si sura ya dhahabu iliyotoka ndani ya mwamba mgumu. Kwa kazi yetu ya kila siku, somo liko kwenye masanduku. Busang choronge haikukatwa katikati. Ilisagwa karibu yote, kwa hoja kwamba dhahabu yao ilikuwa ya punje kubwa na ilihitaji sampuli kubwa. Hoja hiyo, kama nilivyoeleza hapo juu, ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilikubaliwa na watu waliosoma sana. Lakini kwa kutokubakiza nusu, hapakuwa na kitu cha kurudia kukipima. Busang kulikuwa na wizi, na wizi una mtu wa kushtakiwa. Upendeleo ninaoulalamikia mimi hufanywa na watu waaminifu, wanaosali na kulipa madeni yao.

Kwa kuwa uaminifu hautoshi, kuna desturi ya kuitega maabara, nayo hupaswa kutegwa bila kununa. Kila baada ya mifuko kama 20 huingizwa mfuko wa jiwe tupu linalojulikana kuwa halina dhahabu, mwingine wa unga uliokwishapimwa sehemu nyingi na kiwango chake kinafahamika, na mwingine ambao ni pacha wa mfuko uliotangulia. Namba huendelea kwa mfuatano mmoja ili mpimaji asiujue upi ni mtego, na jiwe tupu hufaa zaidi likifuata mara tu baada ya mfuko unaoshukiwa kuwa tajiri. Niliwahi kupata gramu 1.3 kutoka kwenye jiwe tupu kabisa. Maabara husika, baada ya mabishano ya siku mbili, ilikubali kwamba kinu hakikusafishwa baada ya sampuli iliyotangulia, na ikarudia kundi zima kwa gharama yake. Msumeno nao una dhambi hiyo hiyo: ukishakata dhahabu ya macho, ukate tofali bovu kabla ya kugusa choronge inayofuata.

Nirudi kwenu, Ndugu Mhariri. Mwaka 2017 nchi nzima ilibishana juu ya makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam na juu ya ripoti ya kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, na sina nia ya kuyafufua mabishano yale. Nakumbuka tu kwamba katika vijiwe vya kahawa kila mtu aliijua idadi ya gramu, na katika vijiwe nilivyokaa mimi sikumsikia hata mmoja akiuliza mchanga ulitekwa vipi kutoka kwenye kontena, juu, chini au katikati. Nawaomba waandishi wenu wa biashara wawe wa kwanza kuuliza. Si lazima wasomee jiolojia. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Australia hufuata kanuni za JORC za mwaka 2012, ambazo zinadai taarifa iambatane na jedwali linaloeleza kama choronge ilikatwa kwa msumeno au vinginevyo, kama ilichukuliwa robo, nusu au yote, na ni kiasi gani kilichorudi kutoka shimoni; Kanada nayo ina kanuni zake, zilizoanza kutumika mwaka 2001 baada ya aibu ya Busang. Jedwali hilo huwa mwishoni, kwa herufi ndogo, na ndilo ningependa lisomwe kabla kichwa cha habari hakijaandikwa. Waulize pia shimo lilielekea wapi. Mshipa wenye unene wa mita 2 ukiufuata kwa mtambo kwa kuuteremkia badala ya kuukata, utakupa mita 20 za choronge yenye dhahabu tupu, na gazeti litaandika mita 20 kwa nia njema kabisa.

Kwa viongozi wa vyama vya wachimbaji wadogo nina ombi dogo zaidi. Msumeno wa almasi ni ghali, nakubali, lakini patasi na nyundo juu ya mstari uliochorwa hufanya kazi ya kuridhisha kwenye mwamba mgumu, na kikundi kinaweza kukodi msumeno kwa wiki moja kama kinavyokodi jenereta. Nusu ya kila mita ibaki sandukuni, sanduku liwe na kifuniko, na mwenye ufunguo asiwe yule anayefunga mifuko.

Kuhusu kikundi cha mzee wangu, mwaka jana tulirudi chini ya mwembe ule na msumeno wa kukodi tukazikata mita zote zilizosalia, mstari umechorwa, nusu ya kulia mfukoni. Sehemu kubwa ya mshipa ilitoa kati ya gramu 2 na 5 kwa tani, na kwa kiwango hicho wameipunguza saizi ya kazi, wakauza pampu moja na kuendelea kulipa mkopo. Zipo mita nne, hata hivyo, ambazo tulishindwa kuzipima. Kilichobaki kwenye mifereji yake ni kile tu ambacho nyundo ilikikataa, na kukipeleka maabara kingekuwa ni upendeleo ule ule uliogeuzwa tumbo, kwa hiyo kwenye daftari tumeandika "haina sampuli" mara nne, mstari mmoja kwa kila mita. Mzee aliniuliza kama vile vipande vya mfuko wa sukari vingeweza kuombwa maabara virudishwe mahali pake. Nilimwambia vilishasagwa.

Msomaji wenu,
Mjiolojia, Mwanza